Macho Aliyotuachia Daktari wa Sauti ya Pili

Neno la kumkumbuka mwenzetu, lililotolewa katika sherehe za Jubilei ya Fedha ya Kwaya

Kamati ya Jubilei iliniomba niseme neno la kuwakumbuka wanakwaya waliotutangulia kwa Baba. Wote tutawaombea kwenye Misa. Mimi nimepewa mmoja wa kumzungumzia. Familia yake, iliyoketi hapa mbele, imekubali nisimulie, ila imeomba nisitaje jina, kwa sababu mwenyewe hakupenda kutajwa. Hata hivyo nikisema "Daktari wa sauti ya pili", hakuna mtu kuanzia Maringo hadi Jericho atakayeuliza ni nani.

Hakuwa daktari. Alikuwa muuguzi, na kila mara alitusahihisha. Lakini katika mitaa yetu, mtu anayejua kudunga sindano mtoto asilie ni daktari, na cheo hicho hakitolewi na chuo chochote. Kwa miaka mingi, baada ya Misa ya pili, aliweka meza ndogo kando ya ukumbi akawapima wazee presha. Mashine ilikuwa yake, na betri alinunua mwenyewe. Wazee wa Kaloleni walijipanga foleni, na aliyekuwa amekula chumvi kupita kiasi alijulikana mbele ya watu wote.

Usiku mlango wake ulibishwa mara nyingi. Kuna akina mama hapa walioshikwa na uchungu saa nane za usiku, mume anahangaika kutafuta gari, naye akatoka na leso mabegani akakaa nao mpaka lango la Pumwani, hospitali ya akina mama ambayo imewapokea watoto wa Nairobi tangu mwaka 1926. Baadhi ya watoto hao leo wanaimba katika kwaya ya watoto. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji na Burma nao walimjua kwa wimbo wake mmoja: vaeni miwani ya kazi, chembe ya chuma haina huruma na jicho. Mkesha wa Pasaka, sisi tukiwa tumefunga na kusimama saa nyingi, mfuko wake wa glukosi uliwaokoa soprano wengi kabla ya kufika Gloria.

Katika kwaya aliongoza sauti ya pili. Mnajua sauti ya pili. Mkitoka kanisani mnapiga mluzi sauti ya kwanza. Ya pili hakuna anayeikumbuka, lakini ikikosekana kila mtu anahisi wimbo una shimo. Yeye aliridhika kuimba hapo kwa miaka 19.

Sasa niwaeleze jambo ambalo wengi wenu mmelisikia vipande vipande, na vipande vingine si vya kweli.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na kijana wa besi aliyeanza kushika karatasi ya nyimbo karibu na pua. Tulimtania kwamba anainusa. Daktari wetu hakucheka. Alimchukua mwenyewe wakapanda matatu hadi kliniki ya macho. Huko wakaambiwa kwamba konea zake zimekonda na kuchongoka. Konea ni ule utando angavu wa mbele ya jicho, mfano wa kioo cha saa. Ukiwa sawa, hata huuoni. Ukipinda, mwanga unaingia umepinda, na ikizidi hata miwani haisaidii tena. Ugonjwa huo huanza ujanani, na kufikicha macho kila wakati huuzidisha. Kuanzia siku hiyo, mtoto yeyote aliyefikicha macho mbele yake alipigwa kofi dogo la mkono.

Jicho moja la kijana lilikuwa limefika hatua ya kuhitaji konea ya mtu mwingine, na konea ya mtu mwingine hupatikana kwa mtu aliyefariki. Akaambiwa asubiri. Alisubiri muda mrefu, maana katika Kenya wanaozitoa ni wachache, na nyingi zinazotumika huletwa kutoka nje. Yake nayo ilitoka ng'ambo, ikaja kwa ndege ndani ya kisanduku chenye ubaridi.

Siku aliporudi mazoezini na kusoma nota akiwa amenyoosha mkono, tulipiga vigelegele. Daktari wetu alikaa kimya. Kisha akatuambia tufikirie kidogo. Huko ng'ambo kuna nyumba iliyokuwa na msiba. Watu walikuwa wakilia kama tunavyolia sisi, na katikati ya kilio wakasema ndiyo kwa ajili ya mtoto wa Jogoo Road wasiyemjua na ambaye hawatamwona kamwe. Sisi huku tunachanga matanga karibu kila wiki. Akauliza: ni nyumba gani kati ya hizo iliyowahi hata kuulizwa?

Hakuna aliyejibu. Basi akatangaza mbele yetu sote kwamba siku atakapokufa, konea zake zitolewe. Aliandika karatasi, akatia saini, nasi wawili tukatia saini kama mashahidi, mimi na mama mmoja wa soprano. Nakala moja aliiweka ndani ya Biblia ya mama yake mzazi, nyingine akampa kifungua mimba wake. Halafu akatuamuru tufungue wimbo wa matoleo, mazoezi yaendelee.

Mwaka juzi presha ile aliyoipima kwa wengine ilimpanda yeye ghafla. Alifariki kabla ya mapambazuko. Sisi tuliokuwa pale hospitalini tulikuwa tunalia tu, hakuna aliyekumbuka karatasi. Aliyeikumbuka ni mama yake.

Simu zikapigwa nyumbani, mashambani. Mjomba wake, mzee anayeheshimiwa sana katika ukoo, akauliza swali ambalo yeyote kati yetu angeuliza: mtoto wetu atazikwaje bila macho? Na siku ya ufufuo atamwonaje Mungu wake? Lile lilikuwa swali la mtu anayempenda aliyekufa. Katika jamii zetu nyingi mwili huzikwa mzima, na heshima hiyo tumeipokea kutoka kwa wazee waliotutangulia.

Mama hakubishana naye. Alitoa karatasi katika Biblia, akampa mjukuu, akamwambia aisome kwa sauti simu ikiwa wazi. Kijana akasoma. Mjomba akauliza kama kweli ni mwandiko wa mpwa wake. Akaambiwa ndio, na mashahidi wapo hapa. Akanyamaza kwa muda. Kisha akasema kwamba kama ameacha wosia, wosia wa marehemu hauvunjwi, na kwamba yeye hawezi kuwa wa kwanza katika ukoo kuuvunja.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa mwende nalo nyumbani leo. Tumezoea kusema kwamba mila zetu ndizo zinazozuia Waafrika kutoa viungo. Mimi nimeshuhudia mila ikifungua mlango. Tuna desturi ya kuheshimu neno la mwisho la marehemu kuliko karibu kila kitu kingine. Kinachokosekana ni neno lenyewe. Tunakufa bila kusema, halafu tunawaachia watoto wetu waamue usiku ule ule ambao hawana nguvu hata ya kukumbuka namba ya simu ya shangazi.

Na muda huwa mfupi. Konea inafaa kutolewa mapema iwezekanavyo baada ya kifo, kwa kawaida ndani ya muda wa saa 12 hivi. Matanga yetu hayajaanza wakati huo. Mara nyingi hata ndugu wote hawajapata habari. Wakati wahudumu wa benki ya macho wanasubiriwa, kinachotakiwa ni kidogo: kope zifungwe, pamba yenye maji safi iwekwe juu yake, kichwa kiinuliwe kwa mto, na feni ikiwapo izimwe. Kazi yenyewe haichukui saa moja. Uso hauharibiwi. Nyinyi mliopita mbele ya jeneza lake hapa kanisani mlimwona akiwa amelala kama mtu aliyechoka na zamu ya usiku. Kuna waliokuja kutazama kwa makusudi, wakaondoka bila kuona tofauti yoyote.

Mengine ya kujua ni haya. Kila konea inaweza kumsaidia mtu wake, kwa hiyo mtoaji mmoja anaweza kuwarudishia kuona watu wawili. Kuvaa miwani hakukuzuii kutoa, wala kuwa mzee, wala kuwa na mtoto wa jicho, kwa sababu mtoto wa jicho yuko kwenye lenzi, nyuma ya konea. Yapo magonjwa ya kuambukiza yanayozuia, na wataalamu hupima kabla ya kutumia chochote. Hapa Nairobi iko benki ya macho katika Hospitali ya Macho ya Lions kule Loresho. Upasuaji huu pia si majaribio ya juzi. Wa kwanza kufaulu ulifanywa tarehe 7 Desemba 1905 katika mji wa Olomouc, ambao leo uko Jamhuri ya Czech. Daktari Eduard Zirm alimpandikiza kibarua aitwaye Alois Glogar, aliyekuwa ameunguzwa macho na chokaa. Glogar alirudi kazini. Fundi yeyote wa mjengo hapa Eastlands anajua chokaa ikiingia jichoni ni nini.

Kuhusu sheria, wengi huogopa kwamba wakisaini watakuwa wamejiuza. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamruhusu mtu mzima kutoa mwili wake au sehemu yake baada ya kifo kwa njia ya wosia, kwa karatasi yenye saini yake na ya mashahidi wawili, au hata kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili. Kama marehemu hakusema lolote, mume au mke, watoto waliokomaa, wazazi au ndugu zake ndio huachiwa uamuzi. Basi tazameni: sheria ya Bunge na mila ya mjomba zinakutana mahali pamoja. Sema, na uwe na mashahidi.

Kuna jambo gumu ambalo siwezi kuliruka. Mwaka 2025 nchi nzima ilisikia habari za vijana walioshawishiwa kuuza figo zao kwa sababu ya njaa na madeni. Tangu hapo, ukitaja kutoa kiungo katika ploti zetu, mtu wa kwanza anauliza ni pesa ngapi. Nimeulizwa mimi mwenyewe familia hii ililipwa nini. Mbele ya familia nasema: haikulipwa kitu, na haikudai kitu. Hata majina ya waliopokea haiyajui. Iliambiwa tu kwamba konea zote mbili zimepandikizwa, na kwamba watu wawili wanaendelea vizuri. Kuuza kiungo ni kosa. Kijana akikuambia amepata mtu wa kununua figo yake, usimwache aende peke yake. Mlete kwa Baba Paroko, mlete kwa jumuiya, tuangalie deni hilo kama familia. Anayenunua figo ya mtu mwenye njaa amemwibia, hata kama alihesabu noti mbele yake.

Figo hutolewa kwa heshima pia. Hapa Kenya wengi wanaotoa ni ndugu walio hai, wanaompa mgonjwa wao figo moja na kubaki na moja. Upasuaji wa kwanza wa namna hiyo uliofaulu ulifanywa Boston, Marekani, mwaka 1954, kati ya mapacha wawili. Majirani zetu nao wamepiga hatua: Muhimbili, Dar es Salaam, walianza mwaka 2017, na Mulago, Kampala, mwaka 2023. Mwenye mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine, saa nne kwa kila kikao, wiki baada ya wiki, anajua maana ya habari hizo kuliko mimi.

Na imani yetu inasemaje? Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1995 juu ya Injili ya Uhai, aliuhesabu utoaji wa viungo miongoni mwa matendo ya upendo ya kila siku yanayojenga utamaduni wa uhai. Mwaka 2000 alikutana Roma na madaktari wa upandikizaji, akasisitiza kwamba lazima mtu atoe kwa hiari yake, akijua anachofanya, na kwamba mwili wa binadamu usigeuzwe bidhaa. Kuhusu swali la mjomba, tukumbuke mashahidi wa Uganda waliochomwa moto pale Namugongo mwaka 1886. Hakuna Mkristo anayeamini kwamba Mungu atashindwa kuwafufua Karoli Lwanga na wenzake kwa sababu miili yao ilibaki majivu. Aliyeumba jicho hatapungukiwa na jicho.

Wala kutoa si kitu kigeni kwa mji huu. Wenye umri wangu wanaikumbuka tarehe 7 Agosti 1998. Mlio wa kwanza uliposikika karibu na ubalozi wa Marekani, watu katika majengo ya jirani walikimbilia madirishani kutazama, kisha mlipuko mkubwa ukaja na vioo vyote. Zaidi ya watu 200 walikufa hapa Nairobi, maelfu wakajeruhiwa, na wengi walipoteza macho. Macho mengine yaliharibika kiasi kwamba hakuna konea ambayo ingesaidia. Mwenzetu alikuwa muuguzi kijana wakati huo, na jambo alilopenda kutusimulia juu ya siku zile ni foleni za watu waliokuja kutoa damu. Hakuna aliyeuliza damu yake itamwendea Mkristo au Mwislamu, wa kabila lipi, wa mtaa gani. Alisema kwamba mji uliowahi kufanya vile unaweza kufanya tena bila kusubiri bomu.

Wanakwaya wenzangu, Jubilei ina desturi ya kuhesabu. Tumehesabu kanda na albamu, tumehesabu sare, tumehesabu harusi na mazishi tuliyoimba. Mimi nawaomba jambo moja lisilohitaji harambee. Wiki hii, mkiwa mezani, mwambieni mtu wenu wa karibu mnachotaka kifanyike siku mtakapofariki. Ukiwa unataka kutoa, mwambie, kisha andika na utafute mashahidi wawili. Ukiwa hutaki, mwambie pia, maana hiyo nayo ni haki yako na itawapunguzia wanao ubishi. Utoaji wa kulazimishana mwenzetu asingeukubali. Alimpima presha hata asiyetaka kusikia namba yake, lakini namba hiyo alimnong'oneza sikioni. Isipokuwa wale wa chumvi.

Kwa familia yake: Mama, tunakushukuru kwa kuitunza karatasi ile. Ulikuwa na kila sababu ya kuisahau usiku ule. Watoto wake, mama yenu aliwalea na mitaa mitatu pamoja nanyi, na bado yuko mtu mahali fulani katika nchi hii anayemwona mwanawe asubuhi kwa sababu yake. Huenda mtu huyo amepanda nanyi matatu moja na hamkujua.

Kwa kijana wetu wa besi, ambaye leo ni mwalimu msaidizi wa kwaya: tunza jicho hilo. Usilifikiche. Liko pale kwa ndiyo ya watu waliokuwa wanalia.

Mwenyezi Mungu awape marehemu wetu wote raha ya milele, na mwanga wa milele uwaangazie. Aibariki kwaya yetu kwa miaka 25 mingine, na atupe daima mtu wa kushika sauti ya pili.

Jubilei njema. Tumsifu Yesu Kristo!